Gari Linakwenda, Akili Imebaki: Mwongozo kwa Dereva wa Barabara za Tanga

Dereva anaweza kuwa amefunga mkanda, mikono miwili iko kwenye usukani, simu imo mfukoni, macho yako mbele, na bado akampitia mwendesha baiskeli aliyekuwa wazi kabisa. Akiulizwa na trafiki anajibu, "Sikumwona." Mara nyingi hasemi uongo. Macho yalimfikia yule mtu, ila akili ilikuwa kwenye marejesho ya mkopo, kwenye maneno waliyotupiana na mwenzake asubuhi, au kwenye sauti iliyokuwa ikiongea sikioni.

Kampeni nyingi za usalama zinamwambia dereva asishike simu. Ni sawa, lakini ni nusu ya jambo. Mwongozo huu unahusu ile nusu nyingine: akili inayotoka garini huku mwili umebaki umekaa. Tumeuandika tukiwa na barabara ya Segera hadi Tanga mjini mbele yetu, kilomita 70 na kitu, pamoja na mitaa ya mji wenyewe ambako baiskeli, boda na bajaji zinagawana njia na magari kutwa nzima.

Jua kwanza kinachoharibika

Dereva mwenye mawazo hatazami huku na huku. Macho yake huganda katikati ya barabara. Saitimira anazisahau, dashibodi anaisahau, na kinachotokea pembeni hakimfikii. Gari lenyewe linabaki kwenye upande wake vizuri tu, na hapo ndipo anapodanganyika, kwa sababu kushika mstari ni kazi ambayo mikono ya dereva mzoefu inaifanya bila kuuliza. Kinachokufa ni kazi ya kutarajia: kumwona mtoto aliyesimama ukingoni na kujua kwamba mpira wake umeshavuka upande wa pili.

Halafu breki huchelewa. Fanya hesabu hii mara moja, hutaisahau. Kwenye spidi ya 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Barabara ikiwa kavu, tairi na breki zikiwa nzima, gari dogo linahitaji kama mita 36 kusimama baada ya mguu kugusa breki. Sasa chukua madereva wawili wanaomwona mtu yuleyule akiingia barabarani. Wa kwanza yuko macho, anafunga breki kwa wakati na gari linasimama likiwa limebakiza kidogo tu kumfikia. Wa pili amechelewa sekunde moja. Zile mita 22 zimekwisha kabla hajagusa breki, zimebaki 14, na atamfikia yule mtu akiwa bado kwenye spidi ya kama 60. Sekunde moja imetenganisha hofu na kifo. Lori lililobeba linahitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

La tatu ndilo madereva wengi hawalijui: akili hairudi papo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walifanya kazi kwa ajili ya taasisi ya usalama barabarani ya AAA, na matokeo yakatolewa 2015. Walikuta kwamba dereva aliyemaliza kutoa amri kwa sauti kwa simu au kwa mfumo wa gari anaweza kubaki na akili iliyogawanyika hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Kwa spidi ya 50 hiyo ni kama mita 375. Kwa 80 ni mita 600. Kwa hiyo ukikata simu ukisema "basi tutaongea", bado hujarudi. Ihesabu nusu dakika inayofuata kama sehemu ya ile simu.

Ndiyo maana spika ya gari na visikilizio havikuokoi. Utafiti wa Toronto, Kanada, uliochapishwa 1997, ulikuta hatari ya kupata ajali wakati wa kuongea na simu inapanda kama mara nne, na waliotumia simu bila kuishika mkononi hawakuonekana kuwa salama kuliko walioishika. Mkono umeachiwa, akili imeshikwa. Kuongea na abiria ni jambo jingine kidogo, kwa sababu abiria mtu mzima anaiona barabara. Lori likichomoka mbele ananyamaza mwenyewe, au anasema "angalia!" Aliye kwenye simu yuko jikoni kwake, anaendelea kuuliza bei ya mchele.

Kazi kubwa inafanyika kabla ya kuwasha gari

Jipe dakika tatu ukiwa umekaa kwenye kiti, injini imezimwa. Dakika tatu hizi zina faida kuliko ujanja wowote wa njiani.

1. Taja kilichokujaa kichwani, kimojakimoja. Deni, mgonjwa, mzigo uliokwama, majibu ya mtihani wa mtoto. Kisha kiandike kwenye karatasi, na mbele yake weka mahali na wakati utakapokishughulikia: "Kumpigia fundi, nikifika Kange." Usiandike jambo peke yake bila wakati. Akili huwa inakirudiarudia kitu kisichokuwa na mpango ili kisisahaulike. Ukishakipa mahali pake inapunguza kugonga mlango.

2. Maliza simu zako, na uwaage wanaoweza kukupigia. "Shikamoo mama, naingia barabarani sasa hivi, nitakupigia nikifika Muheza." Mama akishajua hatapiga mara tano kwa wasiwasi. Tajiri wa gari naye aambiwe hivyohivyo.

3. Weka simu kwenye Usinisumbue, zima ile kazi ya kujipokea yenyewe kupitia gari, kisha iweke usipoifikia: kwenye buti, kwenye begi la kiti cha nyuma, au umkabidhi konda au utingo. Simu iliyo mapajani hata ikiwa kimya inakuita. Kama unahitaji ramani, ipange safari nzima kabla ya kuondoka, iwe ya sauti, na simu ikae kwenye kishikio, si mkononi.

4. Rekebisha kiti, saitimira, kipoza hewa na redio. Kutafuta stesheni katikati ya Pongwe na malori ya saruji mbele na nyuma ni kazi ya ziada usiyoihitaji.

5. Jipime. Taja kwa sauti sehemu tano za hatari katika safari yako, kwa mpangilio. Mfano anayetoka Segera: makutano yenyewe, Hale, Muheza mjini, Pongwe, Kange. Ikiwa akili imetoroka kabla hujafika ya tatu, usiwashe gari. Shuka, tembea, kunywa maji, rudi baada ya dakika kumi ujaribu tena. Ikishindikana mara ya pili, mpe mwingine aendeshe au uahirishe.

Njiani: isemee barabara

Mbinu inayorudisha akili garini kuliko zote ni kuitaja barabara kwa sauti. Unataja unachokiona, hatari iliyomo, na unachofanya. Inasikika hivi, ukiingia Muheza kutoka Hale:

"Kibao cha 50. Mguu umetoka kwenye mafuta. Nyuma kuna basi, linanikaribia. Kushoto mama na ndoo kichwani, hajageuka. Boda amepaki na abiria anapanda, atatoka bila endiketa. Tuta. Gia ya pili. Wauza machungwa ukingoni, gari la mbele litasimama kununua. Naacha nafasi."

Usiifanye safari nzima, utachoka na itageuka wimbo usiousikia mwenyewe. Ifanye dakika mbili kila unapoingia mahali penye watu, na kila unapotoka kwenye kipande kirefu kilichonyooka. Vipande vya mashamba ya mkonge, mistari iliyopangwa sawasawa kulia na kushoto, ndipo akili inapoondoka kirahisi kuliko penye msongamano. Anayetoka Dar anafika Segera akiwa ameshakwenda kama kilomita 250 au zaidi, anaona "nimeshafika Tanga", na kichwa kinaanza kushuka garini kabla ya mwili. Simama Segera hata kama huna njaa. Robo saa inatosha.

Pamoja na kusema, kuna mazoea manne ya mwili:

Macho yazunguke. Kioo cha ndani, saitimira ya kulia, mbele mbali, mbele karibu, saitimira ya kushoto, mita ya spidi. Ndani ya sekunde nane hivi kila kimoja kiwe kimepitiwa. Ukigundua hujatazama kioo tangu ulipovuka daraja, akili ilikuwa imetoka.

Nafasi ihesabiwe. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu taratibu "elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu". Ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, au uko nyuma ya semi-treila inayokuziba usione mbele, ongeza hadi sekunde tano au sita. Siku yenye mawazo mengi ongeza pia, hata kama barabara ni kavu: nafasi ndiyo inayolipa deni la kuchelewa kwako.

Kuovateki kuwe na swali. Kabla ya kutoa gari upande wa pili, jibu kwa sauti: "Naona wapi nitarudi?" Usipokuwa na jibu la neno moja, baki ulipo. Dereva mwenye haraka kichwani anapima pengo kwa hamu yake.

La nne lina uzito wake kwa Tanga: nguzo ya kioo cha mbele. Ukiwa kwenye kipilefti au makutano unatazama kulia kuona anayekuja, na ile nguzo ya upande wa dereva inaweza kumficha mwendesha baiskeli mzima mzima. Akija kwa mwendo unaolingana na wako, anabaki amefichwa sekunde kadhaa bila kutokeza. Dawa yake ni kuinamisha kiwiliwili mbele, kisha nyuma, na kutazama mara ya pili. Dereva mwenye mawazo hutazama mara moja, anaona njia "nyeupe", anaingia. Ule mtazamo wa pili ndio wa kwanza kupotea akili ikigawanyika, kwa hiyo ufanye uwe desturi: hakuna kuachia klachi kabla ya kutazama kulia mara mbili.

Dalili kwamba umeshaondoka

Hazihitaji kipimo. Umefika Muheza na hukumbuki ulivyopita Hale. Tuta limekurusha kwa sababu hukuliona. Endiketa inalia tangu kona iliyopita. Injini inanguruma ukiwa gia ndogo, au inatetemeka ukiwa gia kubwa, na wewe husikii. Spidi imepanda hadi 95 bila kukusudia, au imeshuka hadi 55 na foleni imejipanga nyuma yako. Umefunga breki kali mara mbili ndani ya muda mfupi. Mtu amekupigia honi na hujui kwa nini. Hii ya mwisho iheshimu zaidi, maana mwenzako ameona ambacho wewe hukuona.

Ukigundua dalili yoyote, mguu utoke kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla. Refusha nafasi yako na gari la mbele. Pitia vioo vyote vitatu. Taja vitu vitatu vilivyo barabarani sasa hivi. Usianze kujilaumu, kwa sababu kujilaumu nako ni mawazo. Kisha endelea.

Yakirudi ndani ya dakika kumi, hiyo si bahati mbaya tena. Tafuta pa kusimama: sheli, stendi, uwanja wa mgahawa. Usisimame kwenye kona, juu ya kilima wala ukingoni mwa lami ambapo lori likipita upepo wake unatikisa gari. Kama huna budi kusimama kando ya barabara, toka nje kabisa ya lami, washa hazadi na utoe pembetatu. Ukishasimama, lishughulikie lile jambo lenyewe. Piga hiyo simu, maliza hayo maneno, lia kama ni kulia. Ukimaliza, kaa dakika chache kabla ya kuwasha gari, ukikumbuka zile sekunde 27.

Hasira na msiba

Haya tunayatenga kwa sababu dawa za hapo juu hazitoshi. Watafiti wa Virginia Tech, Marekani, waliweka kamera ndani ya magari ya watu wanaoendesha kila siku, na mwaka 2016 wakatoa matokeo: dereva aliyeonekana ana hasira, huzuni, anayelia au aliyefadhaika alikuwa na hatari ya ajali karibu mara 10 ya yule aliyetulia. Hakuna mazoea ya vioo yanayofuta hiyo.

Kwa hasira, sheria iwe moja: usiondoke na gari ndani ya ugomvi. Funguo ikae juu ya meza kwanza. Kama dereva mwingine amekuchokoza barabarani, mwachie apite na ujitenge naye; mtu anayemfukuza mwenzake anaiona taa moja tu ya nyuma, haioni barabara.

Msiba ni mgumu zaidi kwa sababu unakuja na haraka ya halali. Simu inaingia usiku, maziko ni kesho mchana, na kuna mtu wa Tanga mjini anatakiwa awe Lushoto kabla ya jua kutoka. Kutoka Mombo kupanda milimani ni kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili, na kipande hicho hakimtaki mtu mwenye machozi. Aliyefiwa asiendeshe. Tunalisema bila kulegeza. Jirani, shemeji, kijana wa msikitini, dereva wa kukodi: yeyote mwenye leseni ambaye moyo wake umetulia ndiye ashike usukani. Asipopatikana, subirini mwanga au pandeni basi la asubuhi. Watu walioenda kuzika wasizikwe.

Ndani ya gari la msiba, mtu mmoja tu apewe simu zote. Yeye ndiye ajibu "mmefika wapi?", na taarifa mpya za kuumiza zisisomwe kwa sauti gari likiwa linakwenda.

Ramadhani, saa ya kabla ya magharibi

Aliyefunga anafika jioni na kiu, usingizi wa daku haujakwisha, na hesabu moja kichwani: dakika zilizobaki. Ndiyo hesabu inayomfanya achomoke kwenye makutano ambayo asubuhi angesubiri. Weka tende chache na chupa ya maji garini, na uamue kabla ya kuondoka kwamba adhana ikikukuta njiani utafuturu njiani, gari limepakiwa. Ukishaamua hivyo, haraka yote inaisha. Usifuturu huku unaendesha. Na baada ya futari nzito usingizi huja haraka, hivyo anayerudi Muheza usiku asubiri kidogo kwanza.

Usingizi, kwa mwezi wowote, usiuchanganye na mawazo. Kusema barabara kwa sauti hakutibu usingizi, wala kufungua dirisha wala muziki mkubwa. Dawa yake ni kulala dakika 15 hadi 20 mahali salama, na kupumzika kila baada ya saa mbili za kuendesha.

Boda na bajaji

Simu iliyochomekwa ndani ya helmeti ibandue. Mbali na mazungumzo, inakuzibia sikio, na wewe unategemea sikio kujua lori liko nyuma kiasi gani. Kuhusu hesabu ya tajiri: weka muda maalumu wa kuipiga, tuseme saa sita na saa kumi, umesimama kijiweni. Kijana anayejumlisha elfu mbilimbili akiwa anakata kona za Ngamiani anakuwa hajumlishi vizuri na haendeshi vizuri. Abiria akikuongelesha, jibu kwa neno moja au subiri taa.

Kwa anayempigia dereva

Dereva hawezi kufanya yote haya peke yake kama aliye nyumbani au ofisini anamvuta. Tajiri mwenye lori akubaliane na dereva vituo vya kuripoti, kwa mfano Chalinze, Segera na mwisho wa safari, na asipige katikati. Akitaka kujua lilipo, ampigie utingo. Familia ifanye hivyohivyo. Na ukimpigia mtu akapokea, ukasikia injini inaunguruma na upepo, usianze salamu ndefu. Uliza tu, "Unaendesha?" Akisema ndiyo, jibu "Nipigie ukifika," ukate wewe, usimsubiri yeye akate.